Kipande cha Nne Kutoka Nkololo

Jumatatu, 11 Juni 2007

Naanza kuandika leo kwa sababu nimekasirika, na hasira yangu nisipoiweka mahali itanikosesha usingizi.

Asubuhi wamebandika tangazo kwenye mlango wa ghala letu. Ghala la chama cha msingi Nkololo linauzwa kwa kampuni ya kununua pamba, "baada ya wanachama kuridhia". Wanachama gani? Mimi ni mwanachama, kaka yangu Machibya ni mwanachama, shangazi yetu Milembe ni mwanachama tangu kabla ya msingi kuchimbwa. Hakuna aliyeitwa mkutanoni. Kamati ya ushirika ya wilaya itakaa Bariadi Jumamosi ya tarehe 28 Julai kuidhinisha, basi.

Januarius, wakala wa hiyo kampuni, alikuwa ameegemea gari lake akituangalia tunavyosoma. Akaniambia, "Mama Maxi, andikeni barua mpaka vidole viishe. Sauti ya Nkololo huwa inaishia darajani."

Nikamjibu, "Tutaona."

Hajui anaongea na nani. Mimi, Maximiliana Masunga, nimekaa miaka kumi na tisa kwenye swichibodi ya simu Shinyanga mjini, visikizi masikioni, nikichomeka na kuchomoa waya. Nimewaunganisha wakuu wa wilaya na mawaziri. Shirika lilipogawanywa wakatupunguza kazini, nikarudi nyumbani kwa kaka yangu kulima pamba. Niliyewaunganisha wakubwa wote wale, leo nishindwe kuiunganisha Nkololo na Mwanza?

Jumanne, 12 Juni

Nimempigia Lucy, mtangazaji wa redio moja ya Mwanza. Ana kipindi cha wakulima kila Ijumaa saa moja jioni. Anapokea sauti kutoka vijijini, mwisho saa kumi na mbili siku hiyohiyo. Akasema, "Niletee watu wenyewe wakiongea, mama. Siyo wewe kuniambia walichosema."

Ijumaa, 15 Juni

Kaseti niliyoituma kwa basi la jana alfajiri haikufika. Kondakta anasema aliiacha Lamadi, wa Lamadi anasema hajaiona. Kipindi kimepita, kimezungumzia mbuzi.

Nikajaribu kumchezea Lucy kaseti nyingine kwenye simu, kinasa sauti kimebanwa kwenye kipaza. Akacheka. Anasema inasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Jumatano, 20 Juni

Nimenunua simu yenye kinasa sauti na intaneti, kwa bei ya ng'ombe. Sauti inarekodiwa humo humo na kutumwa humo humo kwa barua pepe. Wamenisema sana. Machibya alipoiona akauliza kama inakamuliwa.

Mnara uko hapahapa nyuma ya ghala, kando ya uwanja wa mnada. Waliusimika mwaka jana. Sina kisingizio.

Ijumaa, 22 Juni

Siku mbaya. Niieleze vizuri ili nisiirudie.

Msimu wa kununua pamba umefunguliwa wiki hii. Nikajua laini zitagombaniwa. Nikafanya kama tulivyofanya zamani mkuu wa mkoa alipokuwa na simu ya mbali mchana: tulimshikia laini tangu asubuhi, tukawanyima wengine wote. Kwa hiyo nilifungua intaneti alfajiri, kabla hata ng'ombe hawajatoka zizini, nikaiacha wazi. Nikaiweka simu juu ya kabati na kumkataza kila mtu asiiguse. Jirani alikuja kuomba kupiga simu Mwanhuzi, nikamfukuza. Nikakaa nayo nikiilinda kama kuku anayeatamia, nikijisifu moyoni kwamba laini ni yangu.

Mchana shangazi Milembe akaja, tukarekodi dakika tano, nikabonyeza kutuma. Kile kimstari cha kuonyesha kinavyokwenda kikasogea kidogo, kikasimama. Kikasogea, kikasimama. Halafu kikakata na kuanza upya. Saa tisa betri ikafa.

Shangazi akasema kwa upole, "Labda imechoka, ng'wanone." Aliponiita mwanangu hivyo, nikatamani anitukane tu.

Jumapili, 24 Juni

Baada ya misa nilimfuata Novatus, fundi wa mnara, aliyekuja na gari kutia dizeli kwenye jenereta. Kijana wa Bariadi mjini, viatu vinameta, miwani ya jua hata akiwa kivulini. Simpendi.

Nikamwambia nilishika laini kutwa nzima na mnara wake ukaninyang'anya.

"Mama, hakuna laini," akasema. "Hukushika kitu."

Nilikasirika nikataka kuondoka. Akaniwekea ndoo niketi, akaeleza akiendelea kumimina dizeli. Anasema mnara una vyumba vichache hewani. Mtu akipiga simu ya kuongea anapewa chumba chake peke yake mpaka amalize, hata kama amenyamaza anafikiria cha kusema. Hapo nikamwelewa, ndiyo kazi yangu ya zamani. Lakini intaneti haipewi chumba. Simu inaikata sauti yangu vipande vidogo vidogo, kila kimoja kina namba yake na anwani yake. Inauomba mnara nafasi. Mnara ukisema njoo, vinaruka vichache. Kinachopotea njiani kinaombwa tena. Mwanza huko vinapangwa kwa namba zake vinakuwa sauti.

"Na anayeongea akija?"

"Anayeongea ndiye bosi. Mnara wetu umepangwa hivyo. Data inatoka chumbani inasubiri nje. Na wewe kufungua tu bila kutuma kitu, huna chumba wala kitanda. Umemaliza betri bure."

"Kwa hiyo jirani yangu nilimfukuza bure?"

"Bure kabisa."

Miaka kumi na tisa mkono wangu umejua jambo moja, kwamba anayewahi anashika na aliyeshika hanyang'anywi. Sasa kijana wa viatu vya kumeta ananiambia jambo hilo halipo tena, na ni kweli. Iliniuma. Njiani nikapita kwa jirani kumwomba radhi.

Jumatatu, 25 Juni

Nimepata wazo. Kama simu inakata vipande, na mimi nitakata vyangu. Nitarekodi dakika moja moja, kila kipande nikitaja namba yake mwanzoni. Kikikatika njiani, nimepoteza kimoja, si vyote.

Ijumaa, 29 Juni

Viwili kati ya vitano. Lucy ananijibu kwa ujumbe mfupi kila kinapofika: "Nimepata 1." Ujumbe mfupi unapita hata simu zikijaa. Novatus anasema una kijia chake cha pembeni.

Viwili havitoshi. Hakurusha.

Jumanne, 3 Julai

Pamba. Mgongo. Sina la kuandika.

Ijumaa, 13 Julai

Vitatu! Lucy amerusha dakika tatu za wanawake wa Nkololo wakieleza walivyolijenga ghala. Machibya alipandisha redio juu ya kichuguu ili na wa upande wa pili wasikie.

Jumamosi, 14 Julai

Januarius amekuja hadi nyumbani, amekataa kuketi. "Mama Maxi, umesikika. Sawa. Lakini hao ni kina mama wanasimulia hadithi. Kamati inataka maamuzi ya wanachama, na maamuzi yameshaandikwa."

Nikamwambia yafutwe.

"Yafutwe na nani?"

"Na walioandikiwa bila kuulizwa."

Nilikuwa na hofu, nakiri, ila hakuiona.

Jumatano, 18 Julai

Kelele zetu zimezaa mkutano. Afisa kutoka wilayani atakuja Ijumaa ya tarehe 27, saa nne asubuhi, kuuliza wanachama hadharani. Kesho yake kamati inakaa. Maana yake mkutano ukiisha mchana, jibu letu lisikike jioni ileile, kabla afisa hajaandika anachotaka yeye. Basi linatoka alfajiri tu. Imebaki simu peke yake.

Jioni nikamweleza Machibya kwa furaha. Akakuna kidevu. "Tarehe 27 ndiyo siku ya mashindano yetu."

Machibya ndiye mpiga ngoma mkuu wa Wagalu hapa. Kila mavuno Wagalu wanashindana na Wagika uwanja wa mnada, kila kundi upande wake, na watazamaji ndio waamuzi: kundi wanalolihamia jua likizama ndilo linaloshinda. Watu wanatoka mpaka Mwamanyili. Maelfu, na siku hizi kila wa pili ana simu.

Nikamwomba aahirishe. Akasema siku imekubaliwa na pande zote mbili na dawa ya mvuto imeshatengenezwa, haisogezwi.

"Unajua watu wote hao wakipiga simu mnara utakuwaje?"

"Ilumbu, mimi nitauambia nini mnara?"

Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia yeye na ngoma yake ni watoto wanaopiga debe nyumba ikiungua. Alichukua kiti chake akaenda kukaa zizini. Ananiita ilumbu, dada yake, na hawezi kunipa siku moja!

Jumatatu, 23 Julai

Hatusemeshani. Chakula nampelekea, anasema "wabeja", asante, kwa bakuli, siyo kwangu.

Ijumaa, 27 Julai

Mkono umechoka lakini nitaandika yote.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala. Niliketi mstari wa kwanza na simu mapajani, nikibonyeza kila dakika. Cha kwanza ni mimi kujitambulisha. Cha pili ni afisa akiuliza nani anakubali ghala liuzwe. Mikono mitatu, na miwili ni ya wapakiaji wa Januarius. Akauliza nani anakataa. Hicho ni cha tatu, na hakihitaji maelezo, ni ngurumo tu: "Hatuuzi!"

Cha nne, shangazi Milembe alisimama na fimbo yake akaongea. Maneno yalinipita. Opereta hufundishwa kutosikiliza ya watu, nami macho yangu yalikuwa kwenye sekunde. Nilisikia tu uwanja umenyamaza.

Cha tano, Malimi, mwenyekiti wetu, alimuuliza afisa, "Mikono umeiona?" Afisa akajibu, na simu yangu ikalinasa jibu lake vizuri, "Nimeiona. Lakini nitaandika kadiri ya maelekezo."

Saa saba nilianza kutuma. Hakikusogea kitu. Malori ya kampuni tatu yalikuwa uwanjani, mawakala wote wanaongea, Januarius ana simu mbili kama pembe. Watazamaji nao wanaingia makundi kwa makundi, kila anayefika anapiga simu kuuliza mwenzake kasimama wapi. Kimstari kikabaki palepale. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kidogo, kisha nikanawa uso.

Saa nane ngoma zikaanza.

Sikuelewa mara moja. Niliona tu kimstari kinatembea. Kikatembea bila kusimama mpaka mwisho, na Lucy akajibu: "Nimepata 1." Nikainua kichwa. Ngoma za Wagalu huku, za Wagika kule, ardhi inatikisika, na katika uwanja mzima hakuna aliye na simu sikioni. Nani angeongea? Nani angesikia? Watu elfu kadhaa na vyumba vyote vya mnara viko wazi. Wale niliowaogopa ndio walionifagilia njia.

Cha pili kikaenda. Cha tatu. Cha nne kikakatika, nikakiruka nikatuma cha tano, kikafika. Nikarudi kwa cha nne, na hapohapo ngoma zikanyamaza.

Ilikuwa saa kumi. Makundi yote mawili hupumzika wakati huo, kutunza nguvu za jua kuzama. Simu zikatoka mifukoni zote kwa pamoja. "Njooni, Wagika wanaongoza!" "Uko wapi?" "Nitumie gari la pili!" Kimstari kikasimama kabla ya nusu.

Lucy akaandika: "Bila 4 sirushi. Mhariri anataka mwanachama anayejitaja jina, siyo wewe mtumaji. Mwisho saa 12."

Nikatuma tena. Kikakatika. Tena. Saa kumi na moja kasoro nikaacha kuona haya.

Machibya alikuwa ameketi kando ya ngoma yake, miguu mavumbini, anakunywa uji. Tangu siku ile alipokwenda kukaa zizini hatukuwa tumesemeshana.

"Kaka," nikasema, "piga ngoma."

"Tunapumzika."

"Najua. Wakati unapiga, simu zinanyamaza na sauti ya shangazi inapita. Ukinyamaza inasimama. Kimebaki kipande kimoja."

Akaangalia jua, akaangalia upande wa Wagika waliokuwa wamelala chali kujitunza. Hakuhitaji kunieleza. Ngozi ikipigwa sasa italegea, na mikono ikimalizwa sasa haitakuwepo watu watakapochagua.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikuinulie mkono."

Akaweka bakuli chini. Wenzake wakamkemea, mmoja akamshika bega. Akajinasua akasema, "Kaa basi. Nitapiga peke yangu." Akaanza peke yake kweli, kisha mmoja akajiunga kwa aibu, kisha wote.

Watu wakamiminika upande wetu. Januarius alikuwa anaongea, akaziba sikio moja, "Haloo! Haloo!" Akakimbilia garini, akapandisha vioo, nikamwona anavyopayuka ndani humo kama samaki. Akatoka ameitupa simu kitini.

Kimstari kikatembea. Robo. Nusu. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, na sikuwa nashika kitu, najua, Novatus amenifundisha, lakini niliishika.

"Nimepata 4."

Nikainua mkono. Machibya aliuona. Lakini watu walikuwa wameshajaa mbele yake wakicheza, hakuweza kuwakatisha, akaendelea mpaka mikono ikakataa. Jua lilipozama Wagika walisimama wakiwa wabichi, wakamtoa chatu wao wanayecheza naye, na uwanja wote ukahamia kwao. Tumeshindwa, tena kwa aibu.

Saa moja jioni tulikuwa nyumbani kwa shangazi, wanachama wamejaa ua mzima. Vipande vyote vitano, kwa mpangilio. Afisa aliposema "kadiri ya maelekezo" watu walipiga kelele hadi mbwa wakabweka. Cha nne nilikisikia kwa mara ya kwanza, pamoja na wengine. Machibya hakuwepo, alikuwa anakusanya ngoma. Nitamsikilizisha mwenyewe.

Jumamosi, 28 Julai

Novatus amefika alasiri na dizeli, amevua miwani kabla ya kunisalimia. "Mwangaluka, mayu," akasema, salamu ya asubuhi kwa mama, na ni alasiri, lakini amejaribu. Ametoka Bariadi. Anasema mjini kote wanaongelea maelekezo, maelekezo ya nani. Kamati imesitisha uuzaji. Haiwezi kuidhinisha walichokikataa wanachama redioni. Afisa hakuonekana ofisini.

Nilimkumbatia Novatus na viatu vyake.

Januarius amehamisha mizani yake nje, chini ya turubai.

Jumatano, 1 Agosti

Wagika wametunga wimbo. Wanapita nao njia nzima: mpiga ngoma wa Wagalu alikula shibe yake mchana, jioni akabaki kulamba bakuli. Utaimbwa mpaka mavuno yajayo. Nilitaka niende sokoni niwaeleze ukweli wote. Machibya amenikataza. Ngoma ya mashindano haipigwi kwa jambo jingine, watasema ameiharibu dawa.

"Inakuuma?" nikamuuliza. Nilikuwa namsugua mikono kwa mafuta, imevimba kuanzia viwiko.

"Inauma. Mwakani nitawapiga." Akaitazama simu yangu. "Hicho kipande cha nne, kina nini?"

Nikachukua simu nikabonyeza. Sauti yangu kwanza, "Kipande cha nne." Kisha shangazi:

"Mimi ni Milembe Ndaki, mwanachama tangu hapa pakiwa nyasi. Mawe ya ghala hili tumeyatoa mlimani sisi wanawake, kwa vichwa vyetu. Tulichoka, tukataka kuyatua njiani. Ndipo kaka yangu Masunga akaleta ngoma yake, akatembea nasi akiipiga kutoka mlimani mpaka hapa. Hakuna aliyetua jiwe ngoma ikilia. Ninyi mnaotaka kununua, mnanunua mawe tu? Na ule mlio mtaulipa kwa nani?"

Masunga ndiye baba yetu. Alikufa Machibya akiwa mdogo, hakuwahi kumwona akipiga.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mara ya tatu alinipokonya simu akairudisha mwenyewe, kwa vidole vilivyovimba, akakosea kitufe, nikamwonyesha.

Wagika walikuwa wanapita barabarani na wimbo wao. Akasimama, akaenda hadi mlangoni, akawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Kesho tunaingiza pamba yetu ghalani.